Binamu ataka udaktari wa kisiwani, ukoo waguna!

UKITAKA kucheka, waulize vijana wanaosoma PCB kwa nini wanataka kuwa madaktari. Jibu utalijua kabla mtu hajafungua mdomo: "Napenda kusaidia jamii." Tangu mashindano ya Miss Tanzania yaliporudi mwaka 1994, jibu hilo tumelisikia jukwaani mpaka masikio yameota sugu. Kila mrembo anataka kusaidia yatima na wajane, taji likishavaliwa yatima wanabaki pale pale walipokuwa. Ndiyo maana mtu akinianzishia habari za udaktari na wanyonge, mimi huguna tu, nikaulizia matokeo ya Simba na Yanga.

Sasa nina binamu yangu, mtoto wa shangazi, kamaliza kidato cha sita. Yeye jibu lake ni la aina nyingine kabisa, na limetugawa ukoo mzima.

Shangazi aliolewa Ukara. Kwa msiojua jiografia (na mjini hapa mko wengi, msibishe), Ukara ni kisiwa cha Ziwa Victoria, wilaya ya Ukerewe, mkoa wa Mwanza. Chenyewe ni kama kilometa za mraba 80 tu, watu wamebanana, na kila kipande cha ardhi kimelimwa na kutiwa samadi tangu enzi za mababu. Watalii wachache wanaofika huenda kulishangaa lile jiwe linalocheza. Kutoka Mwanza mjini unapanda meli mpaka Nansio, unatafuta gari mpaka Bugolora, halafu unavuka tena kwa kivuko mpaka Bwisya. Mimi nilikwenda mara moja, nikalala hoi siku mbili, na nilikuwa mzima wa afya!

Basi binamu alipokuja Dar, baba mkubwa akaitisha kikao cha ukoo, maana masomo ya udaktari ni miaka mitano, ongeza mmoja wa mazoezi hospitalini, na mkopo wa serikali unaweza kuupata nusu au usiupate. Wazee walikuwa tayari kuchanga. Mambo yalikwenda vizuri, chai na maandazi, mpaka baba mkubwa alipouliza kwa bashasha, "Haya mjomba, ukishakuwa daktari utatufungulia hospitali wapi, Sinza au Mbezi?"

Binti akajibu taratibu, "Mjomba, mimi nataka nirudi Ukara."

Weee! Kikombe cha mtu kililia mezani.

Baba mkubwa alidhani mtoto kapata wokovu. Akamuuliza kama kuna mtu kamtuma. Ndipo binti akasimulia habari ambayo wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuisikia, ingawa ni ya nyumbani kwetu.

Alikuwa na miaka kumi na moja. Wifi yake alishikwa na uchungu jioni, mimba ya kwanza. Usiku mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, hapa kinachotakiwa ni upasuaji, mpelekeni Nansio. Kivuko usiku hakitembei. Wakatafuta mtumbwi wa injini, mwenye injini akataka hela ya mafuta kwanza, wakaanza kugonga milango ya majirani. Yeye kazi yake ilikuwa kushika taa ya tochi. Ziwa lilikuwa limechafuka. Walipofika Bugolora hapakuwa na gari mpaka alfajiri.

Wifi alipona. Mtoto hakupona.

"Nilikuwa nahesabu," binti alituambia. "Kugonga milango, kutafuta mafuta, kuvuka, kungoja gari. Ugonjwa wenyewe ulichukua muda kidogo. Muda mwingi ulichukuliwa na njia."

Wengine pale kikaoni walikuwa wanadhani kilichomsukuma ni ile ajali ya MV Nyerere. Mnaikumbuka, Alhamisi ya Septemba 20, 2018, kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 101 kikatoka Bugolora siku ya gulio kimejaa kupita kiasi, kikapinduka kikiwa kinakaribia kabisa gati la Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220. Fundi mmoja aliokolewa akiwa hai baada ya siku mbili. Binti alikuwa na miaka 13, na katika waliozikwa walikuwemo watoto aliosoma nao. Lakini ukimuuliza kuhusu siku ile hasemi mengi. Anachokisema ni kilichofuata: nchi nzima ilichanga rambirambi, na sehemu ya fedha hizo ikaenda kujenga Kituo cha Afya Bwisya.

"Yale majengo ni ya marehemu," alisema. "Sasa anatakiwa mtu wa kukaa ndani yake, asiyehesabu siku za kuhama."

Na hapo ndipo aliponimaliza mimi. Hakusema neno huruma hata mara moja. Alisema Wakara wana lugha yao, Kikara, na bibi wa kijijini akiumwa anaeleza kwa Kikara. Mganga mgeni anaambiwa "tumbo" tu, basi, anaandika tumbo. Alisema watoto kule wanaoga ziwani na kupata kichocho, na anayewakataza ziwa ni mtu ambaye hajawahi kuteka maji ya kuoga kwa kichwa.

Baba mkubwa naye si mtu wa kupuuza, jamani. Akatukumbusha kuwa mwaka 1961 Tanganyika ilipata uhuru ikiwa na madaktari 12 wazalendo, nchi nzima! Enzi hizo, anasema, daktari alipangiwa kituo na akaenda, na mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara. Lakini tangu 1991 zimeruhusiwa tena, na daktari ni mtu kama wengine, ana wazazi, ana wadogo zake wa kusomesha. "Tukichanga sisi, na yeye akaenda kukaa na mshahara mmoja kisiwani, mdogo wake atasomeshwa na nani?" Pakawa kimya. Shangazi aliinamisha kichwa, maana huyo mdogo ni wake pia.

Mimi nina langu la kuongeza. Mjini hapa wapo vijana waliohitimu udaktari na bado wanazungusha bahasha wakingoja ajira za serikali, wakati vituo vya vijijini vinalia havina watu. Kwa hiyo hata huyu anayetaka kwenda mwenyewe bila kusukumwa, itabidi aombe, asubiri, na huenda akapangiwa Lindi. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akasema Lindi nako kuna watu wanaojifungua usiku.

Juzi amepanda basi kurudi Mwanza kufuatilia fomu za chuo. Mimi nimempa malipo ya makala mbili, hii ikiwa mojawapo, kwa hiyo mhariri naomba usichelewe. Shangazi kauza mbuzi wawili. Mchango wa baba mkubwa mpaka naandika haujafika, ila jana usiku alinipigia simu kuuliza kivuko cha mwisho kutoka Bugolora kinaondoka saa ngapi.