Karantini na Wagonjwa Wetu wa Akili



Shukrani zote ni za Allaah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, wazazi na wanafunzi, tunapoikumbuka miaka ya korona hapa Uganda, mazungumzo huenda kwa waliofariki, kwa biashara zilizokufa, na kwa watoto ambao wengi wao walikaa nyumbani karibu miaka miwili mpaka shule zilipofunguliwa zote tarehe 10 Januari 2022. Hayo yote ni kweli na yana uzito wake. Lakini wapo watu waliokuwa wagonjwa kabla korona haijafika, na ugonjwa wao haukuwa kifuani bali akilini. Hao hawatajwi sana. Sisi tunaofundisha madrasa pembezoni mwa Kampala tunaishi nao. Ni kaka na dada za wanafunzi wetu, ni mama zao, na wengine ni wanafunzi wenyewe. Leo tumeona tuzungumze habari zao, kwa sababu maradhi ya mlipuko hayajaisha duniani, na amri ya kufunga mji inaweza kurudi wakati wowote.

Kufunga mji si jambo geni katika dini

Kwanza tuweke wazi kwamba hatuandiki kupinga karantini. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuingia katika nchi iliyoshukiwa na tauni, na akamkataza aliyemo humo asitoke kwa kuikimbia. Sayyidna Umar (r.a.) alirudi njiani alipokuwa akielekea Sham kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo Rais alipotangaza tarehe 18 Machi 2020 kwamba misikiti, makanisa na shule vifungwe, masheikh wengi waliwaeleza watu kwamba kutii ni sehemu ya kuhifadhi nafsi.

Lakini wanafunzi wetu wa fiqhi wanajua kwamba sharia imekuja kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Akili imetajwa peke yake, haikuachwa ndani ya nafsi. Hapo ndipo penye funzo letu. Wakati wa korona tulishughulika sana na kulinda nafsi, na akili ikasahauliwa. Mtu mwenye maradhi ya akili husimama kwa kushikwa na kamba tatu: dawa, ratiba na watu. Amri ya kukaa nyumbani ilizikata zote tatu kwa wiki moja au mbili.

Kamba ya kwanza: dawa

Tarehe 25 Machi 2020 teksi na bodaboda zilikatazwa kubeba abiria. Siku tano baadaye magari ya binafsi nayo yakazuiwa, na kafyu ikawekwa kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mgonjwa aliyehitaji gari alitakiwa apate ruhusa ya Mkuu wa Wilaya, RDC.

Mtaani kwetu kuna kijana mwenye skizofrenia. Kwa miaka kadhaa alikuwa ametulia kwa sindano ya kila mwezi. Alikuwa akifyatua matofali, akila chakula chake, na Ijumaa akija msikitini na kanzu iliyopigwa pasi. Sindano ya aina hiyo huachia dawa mwilini polepole, na muda wake ukipita bila nyingine, ugonjwa hurudi kidogo kidogo. Kliniki yake ilikuwa umbali wa kilomita zaidi ya 15. Mama yake alikwenda kuomba ruhusa ya gari mara mbili. Mara ya kwanza ofisi ilikuwa imejaa watu. Mara ya pili aliulizwa: “Mgonjwa mwenyewe yuko wapi, na anaumwa nini?” Akajibu kwamba mwanawe bado yuko salama, ila anataka asije akaharibika. Akaambiwa warudi akizidiwa.

Tazameni, ndugu zetu, ugumu wa jambo hili. Mwenye malaria huonekana anatetemeka. Mwenye uchungu wa kuzaa huonekana. Lakini mgonjwa wa akili akitulia huambiwa ni mzima, na akichafuka huambiwa ni mkorofi. Hana wakati ambao ugonjwa wake unakubaliwa kuwa ni ugonjwa.

Ilipofika wiki ya sita kijana yule hakulala tena. Alisikia sauti zikimwita barabarani, na barabarani palikuwa na askari wa doria. Sheria ya Allaah imemwondolea kalamu asiye na akili mpaka akili imrudie, lakini askari aliyeshika fimbo gizani hawezi kujua nani kalamu imemwondokea. Mama yake alimfunga mguu kwa kamba kwenye nguzo ya nyumba, akakaa naye hapo usiku kucha akimsomea. Tulipofika asubuhi alituambia: “Sheikh, msinilaumu. Afadhali kamba yangu kuliko risasi ya mtu.” Hakuna aliyemlaumu. Mwenyekiti wa LC alimpigia simu muuguzi wa zahanati iliyo karibu, muuguzi naye akaongea na mganga wa kliniki ile, sindano ikapatikana kwa njia hiyo, na siku ile ile mguu ukafunguliwa. Ilichukua zaidi ya wiki tatu ndipo akarudi kuwa yule tunayemjua. Kovu la kamba analo mpaka leo.

Jambo hili halikutokea Uganda tu. Shirika la Afya Duniani lilifanya uchunguzi katika nchi 130, na mwezi Oktoba 2020 likatangaza kwamba katika asilimia 93 ya nchi hizo huduma muhimu za afya ya akili zilivurugika au zilisimama. Karibu nchi tatu katika kila kumi zilisema upatikanaji wa dawa uliathirika.

Kamba ya pili: ratiba

Mwenye ugonjwa wa baipola, yaani yule ambaye mara hupanda juu kwa furaha na kasi isiyo na kiasi na mara huzama katika huzuni nzito, hulindwa sana na saa. Alale saa ile ile, aamke saa ile ile, ale na afanye kazi kwa mpango. Usingizi ukivurugika, ugonjwa hupata mlango. Kwa Muislamu adhana tano ni saa kubwa inayoishika siku yake. Msikiti ulipofungwa na kazi zikasimama, siku ikawa kama maji yaliyomwagika, haina mwanzo wala mwisho.

Kisha Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili 2020. Hakuna tarawehe ya jamaa, hakuna futari ya pamoja, na watu wakakesha usiku na kulala mchana. Dada mmoja katika darasa letu la kina mama alianza kukesha kwa ibada. Familia yake ilifurahi, ikadhani ni imani imezidi. Kumbe halali kabisa, anasema bila kupumua, na ametoa sadaka mpaka sufuria za nyumbani. Mume wake alipotuuliza tulimwambia ampigie daktari kwanza, kisha funga itazungumzwa. Allaah (S.W.) amempa mgonjwa ruhusa ya kula katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, na ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Zaidi ya hapo, baadhi ya dawa za ugonjwa huu, kama lithiamu, huweza kuzidi kiwango katika damu mwili unapokosa maji. Kwa hiyo anayezitumia asifunge kabla ya kuongea na daktari, na asiache dawa ili apate kufunga.

Tuwataje pia wenye wasiwasi, ule wa kurudia udhu na kurudia takbira. Tulikuwa na mwanafunzi wa miaka kumi na sita aliyekuwa ameanza kupata nafuu. Tulikuwa tumemfundisha kaida ya mafakihi kwamba yakini haiondolewi na shaka, na kwamba kuosha kiungo ni mara tatu, ukishamaliza umemaliza. Matabibu nao wana njia inayofanana na hiyo: mgonjwa huzoezwa kuuvumilia wasiwasi bila kurudia kitendo, mpaka wasiwasi upungue wenyewe. Sasa redio, simu na mabango vyote vikaanza kusema: oga mikono, oga tena, kila kitu kina uchafu. Kijana yule aliosha mikono mpaka ngozi ikapasuka. Ilibidi tumwekee mpaka mpya: sekunde 20 kwa sabuni, ukitoka nje na kabla ya kula, basi. Baba yake akawa anamsimamia kwa upole, bila kumgombeza.

Kamba ya tatu: watu

Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na nafsi kwa pamoja, na alipofika kwenye wasiwasi alionya juu ya upweke, kwamba mtu akikaa peke yake mawazo humla. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye tuliyaona hayo kwa macho. Mgonjwa wa akili mara nyingi si yeye anayegundua kwamba anarudi nyuma. Hugunduliwa na jirani wa safu ya swala, na muuza duka, na mwalimu. Milango ilipofungwa, macho hayo yote yalipotea.

Ni haki kusema pia kwamba si wote waliodhurika mwanzoni. Wapo wenye hofu ya kukaa na watu ambao walipata raha nyumbani. Lakini misikiti iliporuhusiwa tena mwezi Septemba 2020, kwa watu wasiozidi 70, hao ndio walioshindwa kutoka. Raha ile ilikuwa imewafunga zaidi.

Tufanye nini sisi?

Jambo hili si la historia tu. Mwezi Oktoba 2022 wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa kwa sababu ya Ebola, misikiti ikafungwa na kafyu ikawekwa. Mwaka 2025 Ebola ilitangazwa tena, safari hii Kampala kwenyewe. Kwa hiyo tunaziusia familia na misikiti yetu haya:

1. Kila familia yenye mgonjwa imuulize mganga mapema kama anaweza kupewa dawa ya miezi miwili au mitatu, kama wanavyopewa wengi wanaotumia dawa za VVU, na dawa hiyo ihifadhiwe na mtu mzima mwaminifu.

2. Iwepo karatasi ya mganga inayotaja ugonjwa, dawa na tarehe ya sindano. Karatasi hiyo huonyeshwa ofisini na kwenye kizuizi, na humwondolea mama kazi ya kuthibitisha kisichoonekana.

3. Kamati ya zaka ya kila msikiti iwajue wagonjwa hawa kwa siri, kwa idhini ya familia, na ipange nani atampigia simu nani, kila siku baada ya Alasiri. Mwaka 2020 serikali iligawa unga wa mahindi kilo 6 na maharage kilo 3 kwa kila mtu katika nyumba za wahitaji wa Kampala na Wakiso. Tuliweza kuhesabu midomo, basi tunaweza kuhesabu na hawa.

4. Msikiti ukifungwa, nyumba iwe na adhana na jamaa yake kwa nyakati zake, na taa izimwe saa ya kulala.

5. Anayesomewa ruqya asomewe, na dawa yake aendelee nayo. Kisomo hakikuwekwa kuwa mbadala wa tiba.

Na nyinyi wanafunzi wetu, mwenzenu mwenye maradhi haya msimwite mwendawazimu. Mwiteni kwa jina lake, na siku msipomwona, mumuulizie kwao.

Tunamuomba Allaah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu wa miili na wa akili, awalipe kheri mama wanaokesha nao, na atujaalie kuwa macho yao pale milango inapofungwa. Aamin.

Wabillaahi tawfiq.