Emuleta Haitoki Jasho

Kompaila ni programu inayosoma lugha wanayoandika watu na kuigeuza kuwa amri ambazo prosesa inazielewa. Kila jamii ya prosesa ina amri zake. Kwa hiyo kompaila iliyozoea prosesa za x86-64, zile zilizomo kwenye laptopu nyingi tunazotumia, haina la kusema mbele ya prosesa ya jamii nyingine mpaka mtu akae chini aifundishe upya. Kazi hiyo ya kufundisha ndiyo iliyokuwa tasnifu yangu ya uzamili: kuhamisha kompaila ndogo ya C, iliyoandikwa na wanafunzi waliotutangulia kwa ajili ya madarasa, kutoka x86-64 kwenda RISC-V.

Watu huniuliza kwa nini RISC-V. Nawajibu kwamba kitabu chake kiko wazi. Ilianzishwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na yeyote anaweza kuisoma orodha ya amri zake, hata kutengeneza prosesa yake mwenyewe, bila kulipia leseni. Kwa mwanafunzi ambaye ada yake inalipwa vipande vipande, maneno “bila kulipia” hayapiti hivihivi masikioni.

Kitabu kilikuwa bure, ila mashine haikuwa bure. Bodi ya RISC-V tuliyoagiza maabara, yenye viini vinne na ukubwa wa kitabu cha hadithi, ilikaa njiani miezi. Msimamizi wangu hakuonekana kuhangaika. “Anza na emuleta,” alisema. “Bodi itakukuta njiani.”

Emuleta ni programu inayojifanya mashine nyingine. Niliyotumia ni QEMU, ambayo Mfaransa Fabrice Bellard aliitoa kwa umma mwaka 2003. Unaipa programu ya RISC-V. Inazisoma amri zake fungu kwa fungu, inazigeuza papo hapo kuwa amri za x86-64, kisha inaziendesha. Programu ikiomba kufungua faili, emuleta inalipeleka ombi kwa Linux ya laptopu yako na kurudi na jibu. Programu iliyomo ndani haina habari kwamba iko Sinza, kwenye laptopu ya mkononi mwa pili, juu ya meza ya plastiki.

Nataka niitendee haki emuleta kabla sijaisema. Inakijua kitabu kuliko mimi. Chukua swali la mtoto wa shule: saba gawanya kwa sifuri. Lugha ya C inasema swali hilo halina maana iliyowekwa, kwa hiyo kila mashine inajiamulia. Prosesa ya x86-64 inapiga kelele, na Linux inaiua programu. Prosesa ya ARM ya biti 64 inajibu sifuri. RISC-V inajibu hasi moja na kuendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipouliza swali hilo kwenye emuleta, ilijibu hasi moja, ingawa chini yake kulikuwa na prosesa ambayo ingepiga kelele. Hapo niliivulia kofia.

Ndiyo iliyonionyesha pia tofauti ya char. Kwenye Linux ya x86-64, char inabeba namba hasi. Kwenye Linux ya RISC-V haibebi. Programu inayosoma faili herufi moja moja, ikaiweka kila herufi ndani ya char na kungoja hasi moja ili ijue faili limeisha, kwenye mashine ya pili itangoja mpaka umeme ukatike. Majaribio ya namna hiyo yalikuwa mengi, na kila usiku emuleta iliyapitia yote huku mimi nimelala. Umeme ukikatika, laptopu iliendelea kwa betri.

Miezi minne baadaye nilifika kwenye jaribio ambalo watu wa kompaila wanaliheshimu: kompaila kujitengeneza yenyewe. Unaijenga kwa kutumia kompaila nyingine. Hiyo ni ya kwanza. Ya kwanza unaipa msimbo wake yenyewe, inazaa ya pili. Ya pili unaipa msimbo uleule, inazaa ya tatu. Ya pili na ya tatu lazima zifanane baiti kwa baiti, kwa sababu zote mbili zimetokana na msimbo mmoja na kompaila yenye tabia moja. Kwenye emuleta zilifanana. Nilimtumia msimamizi wangu ujumbe saa nane ya usiku. Alinijibu asubuhi: “Hongera. Sasa andika.”

Nikaandika. Sura ya tano ilikuwa na sentensi moja ambayo kila nilipoipitia nilipunguza mwendo: “Kompaila hii inafanya kazi kwenye RISC-V.” Haikuwa na uongo ambao mtu angeweza kuuonyesha kwa kidole. Majaribio yote yalikuwa yamepita. Ila nilijua kwamba hakuna amri hata moja niliyoizalisha iliyowahi kukanyaga prosesa ya RISC-V.

Bodi ilifika ikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya siku ya kukabidhi tasnifu. Mwenzangu wa maabara aliitazama, akaniambia kwa huruma ya kweli, “Dada, iweke kabatini. Ukishahitimu utaifungua.”

Hakuwa mjinga. Kuvuka tarehe ile kulimaanisha kulipia muhula mwingine. Nyumbani Morogoro mdogo wangu alikuwa amepata nafasi ya kidato cha tano, na mpango wa familia ulikuwa kwamba mimi nikimaliza, pesa iliyokuwa ikija Dar igeuzwe njia iende kwake. Mama hakuwahi kulitaja hilo kwenye simu. Kutolitaja kwake nilikusikia vizuri sana.

Niliifungua bodi siku ileile. Nikaweka kadi ya memori, nikachomeka waya, nikasubiri. Baada ya emuleta, kitu cha kwanza kinachokushtua ni kwamba mashine halisi ina mwili. Inapata joto. Feni yake inalia. Umeme ukikatika inakufa hapohapo, na ulichokuwa unakifanya kinakufa nayo.

Majaribio ya kawaida, yale ya kutengeneza faili kisha kuliendesha, yalipita yote. Kompaila ilijitengeneza, ya pili na ya tatu zikafanana. Nilianza kupumua. Yakabaki majaribio ya hali ya mazungumzo. Kompaila yetu ina hali ambayo mwanafunzi anaandika mstari mmoja wa C, nayo inaugeuza kuwa amri ndani ya memori bila kutengeneza faili, inaziendesha, inatoa jibu, na kungoja mstari unaofuata. Walimu wanaipenda kuliko kitu kingine chochote ndani yake.

Niliandika 2+3. Ikajibu 5.

Niliandika 10*4. Ikajibu 5.

Nikarudia. Ikajibu 40. Nikaanza upya: mara ilijibu sawasawa, mara ilijibu la kwanza kwa swali la pili, mara ilianguka na ujumbe kwamba imekutana na amri isiyo halali. Nilipoipitisha ndani ya debaga, hatua kwa hatua, ilikuwa mtoto mwema: kila jibu sahihi. Nikarudi kwenye emuleta, nikaendesha mazungumzo yaleyale mara elfu moja kwa skripti. Sahihi mara elfu moja.

Siku ya tatu niliacha kuitazama kompaila nikaitazama memori. Mara baada ya programu kuanguka, nilisoma baiti zilizokuwa mahali palepale prosesa ilipodai pana amri isiyo halali. Palikuwa na amri halali kabisa, ile niliyotaka iwepo. Memori ilisema kitu kimoja na prosesa ilikuwa imesoma kingine.

Maelezo yake ni haya. Prosesa haisomi memori moja kwa moja kila mara, maana memori iko mbali na ni ya polepole. Karibu yake inaweka ghala dogo linaloitwa kashe. Kwa kawaida makashe ya karibu zaidi ni mawili: moja la data, moja la amri. Kompaila inapoandika amri mpya memorini, inaziandika kama data, kwa hiyo zinapitia kashe la data. Prosesa inapokuja kuziendesha, inatazama kashe la amri, na humo, ikiwa anwani ni ileile, inaweza kukuta bado zimekaa amri za mstari uliopita. Inaziendesha hizo. Unaiuliza la pili, inajibu la kwanza.

Prosesa za x86-64 zinajisimamia zenyewe katika jambo hili, na ndiyo maana wanafunzi waliotutangulia hawakuwa na sababu ya kuliwaza. RISC-V inasema wazi kitabuni kwamba ni kazi ya programu: ukiandika amri mpya, toa amri iitwayo fence.i ndipo uziendeshe. Na kwa kuwa fence.i inagusa kiini kimoja tu, chini ya Linux unaomba mfumo wenyewe ukufanyie, ili ukihamishwa kwenda kiini kingine usikute ya kale kule.

Na emuleta? Emuleta haina kashe la amri la kuiga. Inachofanya ni kulinda kurasa za memori ambazo imeshatafsiri amri zake. Programu ikiandika juu yake, inajua mara moja, inatupa tafsiri ya zamani na kutafsiri upya. Ilikuwa inanisafishia njia kila mara bila mimi kuomba. Kitabu hakikuvunjwa popote, kwa sababu kitabu kinasema mashine inaweza kukuonyesha amri za zamani, hakisemi lazima. Emuleta ilichagua upole, bodi haikuchagua hivyo, na zote mbili ni RISC-V halali.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja. Lakini mstari huo ulinifungulia swali kubwa zaidi: ni wapi pengine emuleta ilinionea huruma? Nilianza kusoma sura za kitabu nikitafuta kila mahali palipoandikwa “inaweza.” Nikakuta suala la kusoma namba kutoka anwani isiyogawanyika sawasawa kwa ukubwa wake. Kwenye emuleta, iliyo juu ya prosesa inayovumilia hilo, ni jambo la kawaida. Kwenye bodi yetu prosesa inasimama, inakabidhi kazi kwa programu ya chini kabisa iliyo chini ya Linux, nayo inaisoma namba baiti kwa baiti. Jibu ni sahihi. Muda unaotumika unamfanya mtu adhani bodi imekufa. Nikakuta pia mpangilio wa kusoma na kuandika memori pale viini viwili vinapofanya kazi pamoja: x86-64 ina nidhamu kali, RISC-V inaruhusu ulegevu, na emuleta iliyo juu ya x86-64 inaazima nidhamu ya mwenyeji wake.

Kazi hiyo haikuenea ndani ya wiki zilizobaki. Nilimpigia mama. Ni fundi cherehani, na maelezo ya kashe nilijua yangemchosha, kwa hiyo nilimwambia tu kwamba kazi inakubali kwenye kitu cha kuigiza na inakataa kwenye chenyewe.

“Kama nguo kwenye lile sanamu,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Sanamu halikai chini, mwanangu. Halinyanyui mkono. Mteja ndiye anakuja kukwambia kwapa linabana.” Akanyamaza kidogo. “Muhula ni shilingi ngapi?”

Nilimtajia. Hakusema ni ndogo wala kubwa. Alisema atazungumza na mjomba, na kwamba mdogo wangu ataanza na sare ya zamani ya binamu yake, hadi mambo yakae sawa. Nililipia muhula.

Kwenye utetezi, mtahini wa nje alilifungua jedwali nililolitengeneza kwa miezi ile: safu ya emuleta, safu ya bodi, na safu ya tatu yenye yale ambayo kitabu kinayaacha wazi. Aliuliza swali ambalo nilikuwa nimejiuliza mara nyingi. “Ungeacha kama ilivyokuwa, nani angegundua?”

Nilimwambia: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mwenye bodi ya bei rahisi, siku yake ya kwanza, mstari wake wa pili. Na asingejua kwamba kosa ni la kompaila. Angedhani ni lake.

Sentensi ya sura ya tano sasa ni ndefu na haina mvuto. Inataja toleo la QEMU, inataja bodi, inasema ni majaribio yapi yalipimwa wapi. Bado naendesha emuleta kila usiku. Ni ya haraka, haichoki, na haidai umeme wa ukutani. Mdogo wangu yuko kidato cha sita. Likizo iliyopita alikuja maabara, akaketi mbele ya bodi, akaandika 2+3, kisha akanitazama kuniuliza anaruhusiwa kuandika nini tena.