Mkaaji Hupita, Nyumba Hubaki

Atembeaye katika barabara kuu ya Jinja, mji ulio pale Mto Naili unapotoka ziwani, na ainue macho. Juu ya vipaji vya baadhi ya majengo ya zamani bado husomeka mwaka wa ujenzi na jina la mwenye jengo. Wengi wao walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, nao walijenga kwa kadiri ya mahitaji ya jamaa zao. Duka lilikuwa mbele, na baraza lake lilimkinga mnunuzi na jua na mvua. Makao yalikuwa nyuma ya duka au ghorofani, na uani palikuwa na jiko na vyumba vya watumishi.

Mji ulikua. Daraja la reli lilivuka mto mwaka 1931, na bwawa la umeme la Owen Falls likafunguliwa mwaka 1954. Viwanda vilikuja, na pamoja navyo watu waliotafuta kazi na mahali pa kulala.

Mwezi wa Agosti 1972 serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Funguo zikapita katika mikono mingine, wakiwamo maofisa wa serikali na wanajeshi. Nyumba iliyokuwa ya jamaa moja ikagawanywa kuwa ya jamaa nyingi: kila chumba kikawa nyumba kamili, pazia likawa ukuta kati ya wazazi na watoto, na ujia ukawa mahali pa sigiri. Baadaye sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kuwarudishia wenyewe mali zao, na wengi walizipata katika miaka ya 1990. Hapo wapangaji, ambao baadhi yao walikuwa wamelea watoto humo, wakafunga mizigo nao. Majengo yale yale yalishuhudia uchungu wa kuhama mara mbili.

Leo katika majengo kama hayo mna benki, mikahawa, maduka ya simu na vyumba vya wageni. Yaliweza kugeuka kwa sababu waliojenga waliacha nafasi. Dari ni ya juu, mlango wa mbele ni mpana, na ua huvipatia vyumba vya nyuma mwanga na hewa. Fundi wa leo aweza kuongeza ukuta mwepesi au kuuondoa, na jengo lisidhurike.

Hata hivyo, si kila badiliko ni jema. Ukuta uliobeba ghorofa ukibomolewa ili duka lipanuke, walio juu huwekwa hatarini, wala hawakuulizwa. Ua ukijazwa vyumba vya kupangisha hadi mwisho, vyumba vya ndani hukosa hewa. Na sigiri iwashwapo katika chumba kilichofungwa, moshi wa mkaa huua watu usingizini bila hata kunusika.

Mambo haya yaihusu sana jamaa ya askari. Askari huhamishwa, na siku ya kustaafu hurudisha ufunguo wa nyumba ya serikali. Mke wake ajua vema namna chumba kimoja kinavyofanywa viwili kwa pazia, na ajua pia siku ambayo pazia halitoshi tena, binti anapokuwa mwanamwali. Yafaa basi jamaa ijiandae mapema. Akiba ikipatikana na kiwanja kikinunuliwa, nyumba ianze na vyumba viwili vilivyo imara, kwenye msingi na ramani zinazoruhusu kuongeza vingine. Chumba kimoja kipewe mlango wa nje, ili kesho kiwe duka la mama, au kipangishwe, au kimpokee mzazi mzee.

Nayo nyumba ya kambini itunzwe kama ya mwenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na katika kambi, atakayeujenga ukuta huo huenda ni mwenzako atakayekuja na watoto wadogo baada yako. Mfereji wa maji ya mvua usafishwe, bati linalovuja litolewe taarifa, na mlango uachwe ukifungika.