Karatasi ya Njano

Klorokwini ilikuwa inawasha, bwana! Kwetu Magoma, bondeni chini ya Usambara, mtu alimeza vidonge vya malaria mchana, usiku akajikuna mpaka damu. Bibi yangu aliona afadhali homa. Vidonge akavificha chini ya mkeka. Kila mtu alijua, hata wauguzi walijua. Na kwa kuwa kila mtu alijua, hakuna aliyeona haja ya kuandika.

Mwaka 2001 Serikali ikaiacha klorokwini, si kwa mwasho, bali kwa sababu vijidudu vilikwisha izoea. Ikaja SP. Hiyo haikuwasha, tukaipenda. Kumbe ndani yake mna salfa, na kwa watu wachache sana salfa huunguza ngozi kama maji ya moto. Binamu yangu alikuwa mmoja wao. Midomo ikapasuka, macho yakavimba, ngozi ya mgongo ikabanduka na shuka. Majirani wakasema karogwa. Zahanati moja, jina lake naliacha, wakasema surua. Alipona, ila jicho moja halioni tena.

Miaka baadaye nilimwuliza mganga mmoja: "Daktari, mbona mambo kama haya hamwandiki?"

Akacheka kidogo. "Mdogo wangu, niandike nini wakati sina uhakika? Halafu waje waniulize mimi nilimpa ya nini?"

Hapo ndipo penye tatizo. Tanzania iliingia katika mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa mwaka 1993. Fomu ipo, ya njano. Haidai uhakika, shaka tu yatosha. Wala haitafuti wa kulaumiwa. Mwaka 1961 daktari wa Australia, William McBride, aliandika barua fupi katika jarida la The Lancet kuhusu watoto waliozaliwa na kasoro za viungo baada ya mama zao kutumia thalidomide. Aliuliza tu: wenzangu, nanyi mmeyaona haya?

Siku hizi malaria twaitibu kwa mseto. Lakini SP ile ile bado wanapewa wajawazito kliniki, kuwakinga, na wengi inawasaidia. Basi kesho mmoja wao akirudi na malengelenge mdomoni, jina la dawa, siku aliyoimeza na siku ngozi ilipobadilika ni mistari mitatu tu. Nani atashika kalamu?