Tafu

Kwa miaka zaidi ya 30 nilisahihisha insha za wanafunzi kwa kalamu nyekundu, na kosa lililonikera kuliko yote halikuwa la sarufi. Lilikuwa la uvivu: neno pana kukalishwa mahali panapodai neno jembamba. Mwanafunzi akiandika kwamba ndege alikaa juu ya mti, nilimwuliza pambizoni: ndege gani, mti gani, na je, alikaa au alitua? Basi malenga wenzangu, chekeni. Mwaka jana, mwezi wa Juni, niliketi mbele ya tabibu kijana katika kituo cha afya. Aliniamkia kwa adabu, nikamwitikia, akaniuliza kinachonisibu. Nikajibu, "Mguu unauma."

Akangoja. Alipoona sina la kuongeza, akasema, "Mwalimu, mguu unaanzia nyongani unaishia vidoleni. Wapi hasa?"

Nikageuka, nikamwonyesha kwa kidole kama mtoto wa chekechea.

Nieleze nilivyofika pale. Baada ya kustaafu nilirudi Goweko, kwenye nyumba yetu isiyo mbali na reli, nikawa mtu wa kiti na kitabu. Shinikizo la damu likapanda, nikashauriwa kuushughulisha mwili. Ningeweza kutembea tu. Lakini mguu nao una kumbukumbu zake, na wangu ulikuwa unaukumbuka mchakamchaka wa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tulipokuwa tukiamshwa alfajiri na kukimbia kwa safu, mmoja akianzisha wimbo na wengine tukiitikia, vumbi likipanda mpaka magotini. Nikatoa raba za turubai zilizolika soli, nikaelekea stesheni kwa mwendo ule ule wa miaka 22, nikikanyagia vidole, katika mchanga tifutifu. Majirani waliokuwa wakienda mashambani waliniuliza, "Mwalimu, unamkimbia nani?"

Kamusi zetu zina mwendo wa matiti, ule wa punda anayekwenda baina ya kutembea na kukimbia. Huo ndio ulionifaa. Sikuukumbuka.

Siku ya tatu nyama ya nyuma ya mguu wa kulia ilianza kukaza. Siku ya nne ilivuta. Mke wangu akanisihi nipumzike. Nikamjibu kwa habari ya John Stephen Akhwari, ambayo nimeisimulia madarasani mara nyingi kupita kiasi: Mexico, mwaka 1968, aliumia katika marathoni, akafungwa bandeji, akaendelea, akaingia uwanjani wa mwisho kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Naiheshimu habari ile mpaka leo. Ila Akhwari alikuwa akiiwakilisha nchi, nami nilikuwa nikienda stesheni na kurudi.

Siku ya sita, karibu na mabani ya tumbaku, nilihisi jiwe limenipiga nyuma ya mguu. Nikageuka kwa hasira kumkaripia mtoto aliyelirusha. Hapakuwa na mtoto wala jiwe. Nilirudi nyumbani nikichechemea, nikaomba nikandwe kwa mafuta ya moto, na kwa siku mbili nikamwambia kila aliyeuliza kwamba nimejikwaa.

Tabibu aliposikia habari ya kukandwa alikunja uso. Ndipo yakaja maswali ambayo sitayasahau, kwa kuwa kila moja lilidai neno moja na si jingine. Maumivu yalikuja ghafla au yalinyemelea? Yanachoma, yanavuta, yanapwita, au mguu unakufa ganzi? Umevimba wote au sehemu? Una joto kuliko mwenzake? Nimesafiri karibuni nikikaa kitini muda mrefu? Pumzi inanipaa, kifua kinabana? Akachukua utepe, akaizungushia miguu yote miwili mahali pamoja, akalinganisha vipimo.

Nilimwuliza sababu ya yote hayo. Akanieleza kuwa mguu mmoja ukivimba, ukawa na moto na kuuma sehemu ile, huenda si msuli bali ni damu iliyoganda ndani ya mshipa; donge hilo likimeguka likapanda mapafuni, mtu hufa. Hapo hakuna kukanda wala kungoja kesho. Nami nilikuwa nimekandwa usiku wa kwanza, na usiku wa pili pia. Niliona jasho likinitoka viganjani. Hapo ndipo nilipoacha habari ya kujikwaa, nikasema kweli: kwamba yalivuta kwa siku mbili, kisha yakapiga mara moja kama jiwe, kisha yakabaki yakipwita sehemu moja tu, upande wa ndani, na ya kwamba pumzi yangu ni salama.

"Kama jiwe," alirudia, na uso wake ukalegea. Wagonjwa wengi wa msuli uliochanika husema hivyo hivyo, akasema. Vipimo vya miguu havikupishana sana. Akaandika kwenye kadi, nikachungulia: "shavu la mguu."

Shavu ni neno zuri. Tunalo la uso, la samaki, la mkono na la mguu. Pote paliponona pana shavu. Vijana husema kigimbi, na kwa kawaida hulisema wakitania. Lakini lipo tafu, ambalo wengine hulitamka chafu, na nadhani hilo la pili linakufa kwa sababu nani atapenda kusema chafu lake linauma? Mbele yake upo ugoko, ambao walau wacheza mpira wanaulinda usipotee. Tafu halina mlinzi. Nimelifundisha Kiswahili maisha yangu yote, na siku nilipolihitaji neno hilo sikuwa nalo mdomoni.

Ndani ya tafu, nilivyofunzwa, mna misuli miwili mikubwa: wa juu wenye vichwa viwili, unaoanzia juu ya goti, na wa chini yake, bapa, unaoanzia chini ya goti. Yote hukutana katika kano moja nene iliyoshika kisigino. Ndiyo maana dawa yangu ilikuwa ya namna mbili. Baada ya siku za kupumzika, kuinua mguu na kuufunga kitambaa cha maji baridi, nilisimama kwenye kizingiti cha baraza nikapanda kwa vidole na kushuka taratibu: kwanza goti likiwa limenyooka, kisha likiwa limekunjwa kidogo, ili kila msuli upate haki yake. Miguu miwili kwanza. Mmoja baadaye sana. Na kabla ya kukimbia, kutembea bila kuchechemea.

Kutembea! Njia ya misafara iliyopita Tura, Rubuga na Kigwa kwenda Tabora ilikatiza nchi hii hii. Wapagazi wa Kinyamwezi waliifuata kutoka pwani wakiwa na mzigo wa frasila 2 hivi, yaani kilo 32, na hawakuona haya kuwa wanatembea.

Sasa nimerudi barabarani, na raba za mtumba zenye soli nene nilizonunua Tabora. Saa sivai. Napima kwa mizani: ubeti wa tarbia una mishororo minne ya mizani 16, jumla 64, na kila mizani naipa hatua moja. Nilianza na ubeti mmoja wa matiti na minne ya kutembea. Leo ni mitatu kwa miwili. Tafu likianza kukaza, nakatisha shairi hata kama ni katikati ya mshororo, jambo ambalo zamani ningelikatia alama.

Limebaki moja linalonisumbua. Ule mpigo wa ghafla, wa jiwe lisilokuwapo, sijauona ukiwa na kitenzi chake peke yake. Kuchanika kunasema kilichoupata msuli, si alichohisi mwenyewe. Wasomaji wa Pemba, Lamu, Kigoma, Bukavu: kwenu wanasemaje?