Baiskeli ya elfu sitini na tano

Haya basi, niiteni mjinga. Nimenunua baiskeli ya shilingi 65,000 na mama bado hajui bei. (Msimwambie.)

Ile Black Mamba ya babu ni chuma kitupu, zaidi ya kilo 20, bila giya. Ukifika kwenye mlima wa Kangemi unashuka na kuisukuma kama ng'ombe mkaidi. Hii yangu ina giya, ina breki za diski zinazoshika hata barabara ikiwa na maji. Nikihesabu nauli ya 200 kwa siku, itajilipa baada ya siku 325 za kazi. Matengenezo sijayahesabu, kawaida yetu watu wa programu.

Lakini mpwa wangu wa miaka sita? Dada alitaka tumnunulie ya bei kali pia. Nikabisha: magurudumu ya inchi 16 yatakuwa madogo kwake baada ya mwaka au miwili. Tukachukua ya bei rahisi kabisa dukani. Breki ilikuwa ngumu, vidole vyake havikuweza kuivuta. Aliteremka nayo hadi kwenye ukuta wa jirani, akapoteza meno mawili. Ya utoto, namshukuru Mungu.

Sasa ana ya mitumba, 7,000. Kabla ya kulipa, nilimwambia aivute breki mwenyewe.