Mlima wa Theluji na Amana ya Vijana: Maandalizi ya Safari ya St. Anton



Wengi wetu huku Pwani twaijua theluji kwa kuiona kwa mbali, kileleni Kilimanjaro, siku ya mawingu haba tupitapo Taveta. Hata hivyo watu wetu wametapakaa duniani, na watoto waliolelewa ughaibuni hukua na michezo ya huko. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi mwaka 1998 na kulelewa Austria, aliiwakilisha Kenya katika mbio za skii kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2018, Korea Kusini. Basi isishangaze nyumba yetu nayo ikipokea mwaliko wa aina hiyo. Dada yetu aishiye Vienna ametuita tukutane naye Januari ijayo katika mji mdogo wa St. Anton, milimani magharibi mwa Austria. Ndani ya mwaliko huo ameweka ombi zito zaidi: tumsaidie kuamua kuhusu mwanawe wa miaka 19, anayetaka kushuka kwa skii upande wa nyuma wa mlima Valluga.

St. Anton umo katika safu ya Arlberg, kimo cha mita 1,300 hivi juu ya bahari. Reli ilifika huko mwaka 1884, na hadi leo treni husimama katikati ya mji. Kutoka Innsbruck ni mwendo wa saa moja na kidogo. Chama cha skii cha Arlberg kiliasisiwa mwaka 1901, na mwaka 1921 mwalimu Hannes Schneider akafungua chuo chake, ambacho mtindo wake wa kufundisha ulienea nchi nyingi. Leo nyaya za kupandishia watu zimeunganisha vijiji vya Arlberg kwa njia za kushukia zenye urefu wa takriban kilomita 300.

Sifa hiyo isimhadae mgeni. Njia za Ulaya hupambanuliwa kwa rangi: buluu ni nyepesi, nyekundu ni ya wastani na nyeusi ni ngumu. Wenye uzoefu husema kwamba buluu ya St. Anton ingeitwa nyekundu kwingineko. Kwa hiyo sisi ambao hatujapata kuvaa skii tumekwisha kuandika katika mpango wetu siku tatu za mafunzo kwenye miteremko ya wanaoanza, na vifaa vyote, pamoja na kofia ngumu, tutavikodi huko huko.

Ama wakati, tumeupima kwa mizani kadhaa. Msimu huanza mapema Disemba na kwisha Aprili, miezi ambayo kwetu kaskazi huvuma. Wiki za Krismasi na mwaka mpya bei hupanda na watu husongamana. Ramadhani nayo, kwa miaka hii, huangukia kati ya msimu. Tukachagua katikati ya Januari. Wanafunzi wetu watakuwa wamerudi shuleni, nao watabaki na bibi yao. Tutakaosafiri kutoka Mombasa ni watu wazima wanne.

Viza ya Schengen huombwa mapema, wala si zaidi ya miezi sita kabla ya safari, na sharti mojawapo ni bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Tumeongeza bima ya uokoaji wa milimani, kwa kuwa bima nyingi za kawaida haziugusi, na helikopta moja huweza kumgharimu majeruhi maelfu ya yuro. Malazi tumetafuta nyumba yenye jiko, ili nyama ya halali tuinunue Innsbruck tukapike wenyewe. Swala ya Adhuhuri na Alasiri zitatukuta mlimani, na Magharibi huingia karibu na saa kumi na moja jioni. Hivyo kila mmoja atachukua mswala mwepesi katika mkoba wake.

Sasa twarejea kwa mpwa wetu. Mlimani pale kuna ardhi za namna tatu. Ya kwanza ni njia rasmi, zilizosawazishwa na mashine na kukaguliwa. Ya pili ni njia zilizotiwa alama na kulindwa dhidi ya maporomoko, lakini theluji yake haisawazishwi wala mtu hapiti jioni kukagua aliyeachwa nyuma. Ya tatu ni mlima wenyewe, usio na alama wala mlinzi. Kilele cha Valluga, mita 2,811, kimo katika hiyo ya tatu: kigari kidogo cha mwisho cha kileleni hakimpakii mwenye skii asiyefuatana na mwongozaji.

Hatari kubwa huko ni theluji kuporomoka. Tabaka jipya likilala juu ya tabaka dhaifu, kwenye mteremko unaozidi nyuzi 30, uzito wa mtu mmoja watosha kulivunja. Aliyefukiwa huwa na matumaini makubwa akichimbuliwa ndani ya dakika 10 hadi 15; baada ya hapo matumaini hushuka kwa kasi. Ndiyo maana kila mtu katika kundi huvaa kifaa cha mawimbi chini ya koti, na kubeba ufito wa kupimia na sepetu, kwani waokozi wa kwanza ni wenzake waliosimama naye. Hata waliomo majumbani hawakusalimika daima: tarehe 23 Februari 1999, katika bonde jirani la Paznaun, theluji iliporomokea kijiji cha Galtür na kuua watu 31.

Mpwa wetu ameteleza tangu ana miaka minne, na hoja yake ni kwamba anaujua mlima kuliko wajomba zake. Ni kweli. Lakini wavuvi wetu, hata wale waliozeeka baharini, hutazama upepo kila alfajiri kabla ya kutweka tanga, na ujuzi wao wa jana hauwaondolei ada hiyo. Austria nako, kila jioni ya msimu, hutolewa taarifa ya hatari ya maporomoko kwa daraja, kuanzia 1 hadi 5.

Tumemwandikia masharti manne. Aende na mwongozaji mwenye leseni. Kila aliye kundini awe na vifaa vitatu na awe amevifanyia mazoezi. Taarifa ikisoma daraja la 3 au zaidi, abaki kwenye njia rasmi. Na mama yake ajue saa ya kurudi.

Alijibu baada ya siku mbili. Ameyakubali yote, akaomba moja kwa upande wake: siku ambayo taarifa ni njema na mwongozaji amesema twende, asitokee mjomba wala mama wa kumzuia kwa hofu tu. Tulishauriana, tukaona ombi lake ni la haki. Dada yetu alichukua wiki nzima kulikubali, kisha akalikubali. Mwongozaji amekwisha kuwekewa nafasi ya siku mbili, ili ya pili iwe akiba iwapo mlima utakataa ya kwanza.